Mimba ya Kwanza na Safari ya Nyamisati



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za miche, za uchumaji, za kuanika na za bei. Mara hii twaomba ruhusa kuandika jambo lisilouzwa sokoni, nalo ni matayarisho ya mama mwenye mimba ya kwanza, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Sababu yetu ni hii. Wanachama wengi wameoa Nyamisati na katika vijiji vya delta ya Rufiji, na wengine wameoza binti zao huko. Na desturi ya pwani inajulikana: mimba ya kwanza, binti hurudi kwa mama yake kuzaa. Mama ndiye humkanda, humpikia uji, humfundisha kumshika mtoto, na kumtunza mpaka arobaini yake itimie.

Desturi hii ni njema, wala hatutaki ife. Lakini yafaa tukumbuke kuwa ilianza zamani, wakati nyumba ya mama ilikuwa mtaa wa pili. Siku hizi kwa wengi wetu kati ya nyumba ya mume na nyumba ya mama pana bahari, na ng'ambo ya bahari pana mikoko na mikono ya mto. Binti anayevuka kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati katika mwezi wa tisa anaweza kushikwa na uchungu pasipo mkunga, wala taa, wala maji safi.

Basi shauri letu twalitoa mapema, kisha tutaeleza sababu zake. Ikiwa mama mzazi ana afya ya kusafiri, yeye ndiye avuke aje kwa binti yake. Ikiwa hapana budi binti avuke, avuke kabla mimba haijatimiza wiki 36, na akifika ng'ambo asiingie ndani ya delta, bali akae mahali penye barabara ya kufikia hospitali.

Kwa nini mimba ya kwanza

Wako wazee wasemao, "Mbona sisi tulizaliwa mashuani na tu wazima?" Jawabu ni kwamba waliofia mashuani hawapo kusimulia. Tena mimba ya kwanza ina mambo yake matatu.

La kwanza ni malaria. Mwanamke wa pwani aliyekwisha zaa mara mbili tatu, mwili wake huwa umejifunza kidogo kupambana na malaria ya mimba. Yule wa mimba ya kwanza bado. Malaria humpunguzia damu, na mtoto huzaliwa mdogo au kabla ya wakati. Kwa hiyo chandarua chenye dawa ni lazima kila usiku, kisiwani na Nyamisati pia, na vidonge vya SP anavyopewa kliniki avimeze mbele ya mkunga, kila mwezi kama anavyoelekezwa. Visipungue mara 3 katika mimba nzima.

La pili ni kifafa cha mimba. Maradhi haya huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Huanza kimya kimya kwa shinikizo la damu kupanda, na mama huweza kujiona mzima kabisa. Shinikizo likifika 140 kwa 90 au zaidi, hilo si la kungojea wiki ijayo. Kipimo chake ni cha dakika chache tu, kwa mpira ufungwao mkononi, pamoja na kupima mkojo. Ndiyo maana twasema mahudhurio ya kliniki ya mwezi wa nane na wa tisa yana faida kuliko yote, na ndiyo hayo hasa ambayo wasafiri huyakosa.

La tatu ni uchungu wenyewe. Uchungu wa mtoto wa kwanza huwa mrefu. Huenda ukachukua nusu ya siku, au siku nzima. Watu hudanganyika kwa urefu huo, wakasema "bado, bado," mpaka mama amechoka na mtoto amechoka. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika jambo hili maneno yao ni kweli bila ya fumbo.

Tusikate tamaa lakini. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa Tanzania. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Wanawake wengi zaidi huzaa mikononi mwa mkunga aliyesoma, na dawa za kuzuia damu na kifafa zimeenea. Lakini dawa iliyoko hospitali ya Kilindoni haimfai mtu aliye katikati ya bahari.

Kuhesabu miezi

Makosa mengi ya safari hutokana na makosa ya hesabu. Hesabu ya kliniki huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba kamili ni siku 280, yaani wiki 40. Ukitaka kujua tarehe, chukua siku ile, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Mathalan hedhi ya mwisho ilianza tarehe 10 Juni: ongeza 7 upate 17, rudi nyuma miezi 3, utapata tarehe 17 Machi. Mwenye hesabu hiyo yampasa awe amekwisha fika anapokusudia kuzaa tarehe 17 Februari, ambayo ndiyo wiki ya 36.

Wazee wetu wengi huhesabu kwa mwezi mwandamo, na hapo lazima tuangalie. Mwezi mwandamo ni siku 29 au 30. Miezi 9 ya mwandamo ni kama siku 266 tu. Basi anayehesabu kutoka hedhi ya mwisho kwa mwezi wa mbinguni aongeze kama siku 14 ili apate siku 280. Na wiki ya 36 humwangukia katikati ya mwezi wa tisa wa hesabu yake. Kwa hiyo mwezi wa tisa usifike nusu bado mwanamke anafungasha.

Tena siku 280 ni kadirio. Mtoto aliyetimia huzaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42. Asiyekumbuka hedhi yake aulize kliniki mapema, apimwe tumbo au apigwe picha ya mawimbi, kwani picha ya miezi ya mwanzo hukadiria umri wa mimba vizuri kuliko ya miezi ya mwisho.

Bahari na mto

Hapa hatuna haja ya kuwafundisha wanachama, ila kuwakumbusha. Chukua mfano mwingine: hedhi ya mwisho ilianza tarehe 10 Oktoba. Siku ya kuzaa ni kama tarehe 17 Julai, na siku ya mwisho ya kuvuka ni tarehe 19 Juni. Wakati huo kusi limeingia, na mawimbi katika mlango wa Mafia si ya kumpakia mwenye mimba kubwa. Mimba ya namna hiyo safari yake ingefaa kufikiriwa mwezi wa Machi au Aprili, bahari ikituliatulia kati ya kaskazi na kusi.

Kisha kuna kupwa na kujaa. Nyamisati haitazami bahari wazi. Chombo huingia kwa mkono wa maji katikati ya mikoko. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana, na chombo kilichochelewa hukaa juu ya tope mpaka maji yarudi. Kwa mtu mzima mwenye kikapu chake ni usumbufu tu. Kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu ni saa sita za mashaka. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, aweza kufa katika muda usiozidi saa mbili. Tunaomba kila mume aziweke hesabu hizo mbili pamoja, saa sita za tope na saa mbili za damu, halafu aamue.

Tangu mwaka 2021 Serikali ilipoleta kivuko cha MV Kilindoni kwa njia hii, safari imekuwa na heri kuliko enzi za mashua peke yake. Mwenye mimba apande chombo kikubwa kinachoruhusiwa kisheria, asipande boti iliyojaa mizigo. Avae jaketi la kuokolea tangu anapopanda, akae katikati ya chombo asikae omoni, anywe maji ya kutosha, na asisafiri peke yake. Siku na saa za safari ziulizwe kabla, kwa kuwa chombo chochote huenda kikapelekwa matengenezo, au safari ikaahirishwa kwa hali ya hewa. Ndiyo sababu nyingine ya kutongojea siku ya mwisho.

Akifika Nyamisati

Wako wasemao "tumefika" pindi wanapoona gati la Nyamisati. Kwa mwenye mimba bado. Kwao wengine ni ndani zaidi, Salale, Kiomboni au Mbwera, na huko safari ni ya mtumbwi au boti ndogo kwa kufuata maji. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, watu wake ni wakarimu na samaki wao ni watamu, lakini usiku wa maji kupwa hapana njia ya kumtoa mgonjwa haraka.

Kutoka Nyamisati kuna barabara ya kwenda Bungu, na kutoka Bungu barabara kuu ya lami huelekea Kibiti. Upande huo wa Kibiti ndiko anakoweza kufikishwa mama anayehitaji upasuaji, na hospitali ya misheni ya Mchukwi iko upande huo huo. Kwa hiyo anayezalia ng'ambo yafaa atafutiwe jamaa wa kumkaribisha Kibiti au Bungu kwa wiki 4 za mwisho, na mama yake atoke delta aje wakae pamoja. Baada ya kuzaa salama, na mkunga akiruhusu, ndipo waende kijijini kwa bibi na babu kuonyesha mtoto. Desturi hapo imetimia, na hapana aliyehatarishwa.

Akifika tu, asikae wiki nzima akipumzika. Ndani ya siku 3 aende kliniki ya hapo na kadi yake, ili mkunga amjue kabla ya siku ya haja.

Mzigo wa safari

Mfuko huu ufungwe mwezi wa saba, ukae mahali pamoja, na kila mtu wa nyumbani ajue ulipo:

1. Kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na karatasi yenye namba za simu za jamaa wawili.
2. Kanga 4 au zaidi zilizofuliwa na kuanikwa juani, na mpira au plastiki safi ya kulalia.
3. Pamba, sabuni, beseni, ndoo ndogo, na tochi yenye betri mpya.
4. Glavu, wembe mpya ambao haujafunguliwa, na kibanio cha kitovu. Kituo huenda kikawa navyo, lakini kuwa navyo hakudhuru.
5. Nguo za mtoto, kofia, soksi na shuka zito. Hali ya hewa ya pwani ni ya joto kwetu. Mtoto aliyetoka tumboni huona baridi.
6. Chupa ya chai, sukari, na chakula cha siku moja.
7. Fedha, katika mfuko wake peke yake.

Katika miezi hii mama ale samaki, dagaa, kunde, mbaazi, kisamvu, matembele na matunda. Vidonge vya kuongeza damu ameze kila siku, wala asivishushie na chai, kwani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Udongo ule wa kutafuna uuzwao sokoni auache, maana nao hupunguza damu. Shambani asipande ngazi, asibebe pakacha wala gunia. Kuchambua karafuu jamvini aweza, mradi anyooshe miguu na kunywa maji. Alalapo, alale kwa ubavu. Ramadhani ikimkuta, sheria imempa nafasi anayeogopea nafsi yake au mtoto. Amwulize mkunga na sheikh wake, asijilazimishe kwa kuona haya.

Neno moja la karafuu. Mafuta ya karafuu tunayauza na twajua nguvu zake. Mwenye mimba asiyanywe kuharakisha uchungu, na mtoto mchanga asipakwe kitovuni wala asirambishwe. Kitovu kisipakwe majivu, samli wala dawa yoyote isiyotoka kwa mkunga. Kiwe safi na kikavu.

Dalili zisizongojea

Mama mwenyewe, mume, mama mkwe na jirani wote wazijue dalili hizi. Moja ikionekana, ni safari ya hospitali saa ile ile, usiku au mchana:

- kutokwa na damu ukeni, hata kidogo;
- kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli;
- uso na mikono kuvimba ghafla, au maumivu chini ya mbavu;
- degedege au kuzimia;
- homa, au kupumua kwa shida;
- mtoto kupunguza kucheza au kuacha;
- maji kutoka kabla ya uchungu, au yenye rangi ya kijani au harufu mbaya;
- uchungu kabla ya wiki ya 37.

Ukiwa uchungu wa kawaida umeanza, na maumivu yanakuja kila dakika 5 na kukaza, aende kituoni. Asinywe dawa za mitishamba za kusukuma uchungu. Zimepasua vizazi vya wengi.

Uko mpango wa usafiri wa dharura kwa wazazi na watoto wachanga uitwao m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Simu yake ni 115 na haina malipo. Anayepiga huunganishwa na gari la wagonjwa, au gari la mtu binafsi lililoandikishwa kwa kazi hiyo. Kila mwanachama aulize katika zahanati yake jinsi mpango huo unavyofanya kazi mahali alipo, kabla ya siku ya haja.

Kazi ya mume

Wanaume wanachama, hapa twasema nanyi. Fedha za karafuu huja kwa msimu na mimba haina msimu. Anayejua mwezi wa nne kwamba mkewe ana mimba, atenge fungu lake siku ile ile anapolipwa, kabla ya deni la duka na kabla ya bati la nyumba. Hesabu yake ni hii: nauli ya kwenda na kurudi ya watu watatu, kodi ya boti ya usiku pamoja na petroli yake, gari la kutoka Nyamisati mpaka Kibiti, na chakula cha siku 14. Ongeza tena kiasi hicho hicho kwa ajili ya jambo lisilotazamiwa. Sera ya Serikali ni kwamba huduma ya uzazi katika vituo vyake iwe bila malipo, lakini nauli na chakula ni juu yako.

Tena watafutwe mapema watu wawili wenye afya walio tayari kutoa damu, nao wawe karibu na hospitali, wasiwe ng'ambo ya pili. Na jambo la mwisho ni ruhusa. Wanawake wamechelewa kwa sababu mume yuko shambani au baharini na hapana wa kusema "twende." Mume aseme leo, mbele ya mama yake na mama mkwe: dalili ikionekana, mwenye kuiona ana ruhusa yangu, wala asinitafute kwanza.

Mtoto akizaliwa

Mtoto akaushwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yale ya mwanzo ya rangi ya manjano, dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa. Ndiyo kinga yake ya kwanza. Asiogeshwe kabla ya saa 24. Kwa miezi 6 asipewe kitu ila maziwa ya mama, hata maji. Wanaofanya tahniki wasitumie asali, kwani asali haimfai mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Adhana na ikama hazimdhuru, huzidisha baraka.

Kila tawi twaliomba jambo moja dogo. Litengeneze orodha ya manahodha wanaoaminika, wenye magari wa Nyamisati na Bungu, na wanachama wenye chumba cha kumkaribisha mzazi Kilindoni au Kibiti. Orodha itundikwe penye mizani ya karafuu, ambapo kila mtu hupita. Wenye binti wanaotarajia msimu huu waanze sasa kupeleka salamu ng'ambo kwa mama zao, waambiwe wafungashe mapema, maana safari ni yao.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama